Mbona Base Inaskia Goli Kabla Yako? Hivi Ndio Mechi Laivu Hufika Kwa Skrini Yako

Jioni ya tarehe 22 Agosti 2025, Kenya ilikuwa inapambana na Madagascar pale Kasarani, robo fainali ya CHAN. Gemu ikaisha 1-1, muda wa nyongeza ukaisha bila mshindi, tukaingia penalti. Mimi nilikuwa kwa keja, simu nimeiegemeza kwa chupa ya maji, natazama strimu. Chini ya ploti yetu kuna base yenye iko na dishi. Kila Kenya ikifunga, base ilikuwa inapiga nduru kabla mchezaji kwa simu yangu hata aanze kukimbilia boli.

Penalti ya mwisho, hakuna nduru. Kimya tu. Nikaskia kiti kikisukumwa na msee mmoja akitusi pole pole. Kwa simu yangu boli ilikuwa bado haijapigwa, lakini nilikuwa nishajua. Tumeenda nyumbani 4-3.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikijiuliza hii kitu inaitwa "laivu" ni nini hasa. Nikaanza kusoma na kuuliza wasee wenye wanafanya kazi kwa TV. Nilichopata kitakusaidia hata wewe, juu mashindano makubwa yakianza, kila mtu mtaani anatukana kituo cha TV bila kujua nani amekosa. So kaa chini, tupitie hii safari kutoka kwa kamera hadi kwa keja yako.

Kituo chako hakipigi picha

Hii ndio kitu ya kwanza unafaa kuelewa, na ukiielewa hii, mengine yote yatakubali. Ukiangalia Kombe la Dunia kwa KBC, ama SuperSport, ama BBC kule Uingereza, picha ya mechi ni ile ile moja. Hakuna kituo kimepeleka kamera zake kando ya uwanja kufuata boli. Mwenye mashindano ndio huandika kampuni moja ipige mechi zote, halafu hiyo picha inauziwa dunia nzima.

Kwa Kombe la Dunia, hiyo kazi hufanywa na HBS, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa 1999. Kombe lao la kwanza lilikuwa la 2002 kule Korea Kusini na Japan. Picha yenye wanatoa tuiite picha ya dunia. Inakuja ikiwa na mchezo, marudio, alama za bao na saa, na sauti ya mashabiki. Haina mtangazaji. Kila kituo kinaongeza mtangazaji wake, studio yake na wachambuzi wake.

Picha zote kutoka viwanja vyote hukusanywa mahali pamoja panaitwa IBC, yaani kituo cha kimataifa cha matangazo. 2010 kilikuwa Nasrec, Johannesburg, karibu na Soccer City. 2014 kilikuwa Riocentro kule Rio de Janeiro. 2018 kilikuwa Crocus Expo, Moscow, na hata wale marefa wa VAR walikuwa wanakaa huko huko Moscow, wakiangalia mechi za miji mingine kwa skrini. 2022 kilikuwa Doha. La 2026, lenye timu 48 na mechi 104 katika nchi tatu, kituo chake ni Dallas.

So ile siku unasema "hawa watu wa TV yetu wanatuonyesha marudio na boli inachezwa," unamlaumu mtu mbaya. Mwenye amechagua hiyo picha amekaa kwa gari nje ya uwanja, nchi ingine kabisa, na hajui hata kituo chako kinaitwa aje.

Ndani ya gari la matangazo

Nje ya uwanja huwa kuna malori makubwa yamejaa skrini. Hapo ndani kuna giza, kuna baridi ya mashine, na kuna watu wanaongea bila kunyamaza. Bosi wao ni dairekta. Yeye haguzi kamera. Anaangalia ukuta wa skrini, kila skrini ni kamera moja, na anaita namba: "Moja. Jiandae nne. Nne." Kando yake kuna mtu anabonyeza hiyo namba, na hiyo ndio picha wewe unaona.

Kombe la Dunia la 2018, kila mechi ilikuwa na kamera 37. Usidhani zote zinafanya kazi moja. Zimegawanwa hivi:

Kamera ya kwanza iko juu katikati ya uwanja na inaonyesha mchezo kwa upana. Sehemu kubwa ya mechi unaiona kupitia hii. Kamera ya pili iko kando yake na inavuta karibu, inamfuata mwenye boli. Halafu kuna zile zimewekwa sawa na laini ya boksi kila upande, hizo ndio za kuotea. Kuna za nyuma ya goli. Kuna msee anakimbia na kamera kando ya laini amevaa mkanda wa kuizuia isitingike. Kuna ile inaning'inia kwa waya juu ya uwanja. Na kuna za mwendo wa pole sana, zenye hupiga picha nyingi mno kwa sekunde moja ndio uone hata jasho likiruka.

Kuna sheria moja yenye hukuwa umegundua. Karibu kamera zote kubwa huwekwa upande mmoja wa uwanja. Sababu ni rahisi: dairekta akiruka hadi upande ule mwingine katikati ya mchezo, timu yenye ilikuwa inashambulia kulia itaonekana inashambulia kushoto. Utachanganyikiwa. Ndio maana picha za upande wa pili huja mara nyingi kwa marudio tu.

Marudio yenyewe yana watu wake. Wanakaa kwa mashine zenye zinarekodi kila kamera bila kusimama. Mashine maarufu zaidi kwa hii kazi zinatoka kampuni ya Ubelgiji inaitwa EVS, na kwa wasee wa TV jina hilo limekuwa ndio jina la kazi yenyewe. Goli likiingia, kabla mfungaji afike kwa kona kushangilia, hawa wasee wameshapata pembe tatu nzuri na wanamwambia dairekta, "Niko nayo." Ile nembo ya mashindano yenye hupita kwa skrini kabla na baada ya marudio si urembo. Inakuambia: kutoka hapa si laivu, na sasa tumerudi.

Laivu yenye si laivu

Sasa hapa ndio mambo yanakuwa na ngori kidogo. Nembo ikikosa kupita, wewe huna njia ya kujua kama picha ni ya saa hii.

Euro 2012, Ujerumani ilikuwa inacheza na Uholanzi. Katikati ya mechi, dunia nzima ikamwona kocha wa Ujerumani Joachim Löw akimnyemelea mtoto wa kuokota mipira na kumgonga boli kutoka kwa mkono. Watu wakacheka, wakasema huyu kocha ametulia sana. Baadaye ikajulikana hiyo picha ilichukuliwa kabla mechi ianze. Ilichomekwa ndani kama ya laivu. Kwa nusu fainali ya mashindano hayo hayo, Italia ilipofunga, picha ya shabiki wa Ujerumani akilia ikaonyeshwa. Ukweli ni kuwa alitoa machozi wakati wa wimbo wa taifa. Vituo vya Ujerumani vikalalamika kwa UEFA, juu vilikuwa vimewaonyesha watazamaji wao uongo bila kujua.

Umeona sasa? Hata wao hawakujua. Walikuwa wanapokea tu.

Mfano mzito zaidi ni wa 12 Juni 2021, Denmark na Finland kule Copenhagen. Christian Eriksen alianguka uwanjani moyo ukiwa umesimama. Picha ya dunia ikaendelea kuonyesha akifanyiwa huduma ya kwanza, wachezaji wenzake wamemzunguka wakilia, na mpenzi wake akiwa kando ya uwanja. BBC ilipigwa sana na watazamaji. Ikaomba msamaha, ikaeleza kuwa picha za uwanjani zinaendeshwa na UEFA, na kwamba ilitoa matangazo hewani haraka ilivyoweza baada ya mechi kusimamishwa.

Hapo ndio unaona kituo kiko na nguvu gani hasa. Hakiwezi kumwambia dairekta ageuze kamera. Kinaweza tu kufanya kitu moja: kurudi studio. Na mtu wa kufanya huo uamuzi anakuwa na sekunde chache, na hajui kama mchezaji yuko hai.

Upande ule mwingine, kuna vitu huonyeshwi makusudi. Shabiki akiruka uwanjani, dairekta ataenda kwa picha ya mbali ama uso wa kocha. Hawataki kumpa umaarufu, ndio kesho wengine kumi wasijaribu. Ukitaka kujua kulitokea nini, utangoja video ya msee mwenye alikuwa kwa stendi.

Sauti ina hadithi yake

Picha ya dunia huja na sauti ya uwanja pekee: mashabiki, filimbi, boli ikigongwa. Kando ya uwanja huwa kuna maikrofoni nyingi zimeelekezwa ndani. Kuna fundi kazi yake ni kupandisha na kushusha hizo maikrofoni akifuata boli, ndio uskie ile "tuf" ya mkwaju.

2010 kule Afrika Kusini, vuvuzela zilichoma hii mpango yote. Mlio wake unakaa mahali pamoja, kama nyuki, na ulikuwa unafunika kila kitu. Mafundi wa sauti wakaanza kuchuja zile nota za vuvuzela ndio watangazaji waskike. Wewe ulikuwa unaskia nusu tu ya ile kelele ilikuwa uwanjani.

Na mtangazaji je? Usidhani kila mwenye unaskia yuko uwanjani. Wengi hukaa kwa chumba kidogo nyumbani, mbele ya skrini, na kikombe cha chai. Ni bei. Kumpeleka mtu na fundi wake, kulipia kiti cha uwanjani, hoteli na ndege, kwa mechi 64 ama 104, si mchezo. Mtangazaji wa studio anaona tu kile wewe unaona. Ndio maana wakati mwingine mchezaji anabadilishwa na yeye anachelewa kukuambia. Dairekta hakumwonyesha.

Sasa, mbona base inaskia kwanza?

Tufuate sasa ile boli ya penalti. Kutoka gari la matangazo, picha inapitia faiba hadi IBC. Kutoka hapo inaenda kwa kila kituo, kwa faiba ama setilaiti. Kituo kinaongeza mtangazaji na nembo yake, halafu kinairusha kwako. Kwa kila hatua, picha inafinywa iwe ndogo, inatumwa, inafunguliwa, inafinywa tena. Kila kufinywa kunakula muda.

Watu hulaumu setilaiti, lakini yenyewe haina makosa makubwa. Iko juu karibu kilomita 36,000. Signali ikipanda na kushuka inachukua kama robo sekunde tu. Muda mrefu unapotelea kwa mashine za kufinya na kufungua.

Strimu ndio iko na shida ya ukweli. Intaneti haitumi picha kama mto. Inakata video vipande vipande vya sekunde chache, na simu yako inangoja iwe na vipande kadhaa mkononi kabla ianze kucheza, ndio mtandao ukiyumba picha isikwame. Ukiongeza hizo zote, kuwa nyuma nusu dakika si ajabu, na mara ingine ni zaidi. Sasa piga hesabu: kutoka penalti moja hadi ingine si muda mrefu. Mimi ile siku nilikuwa penalti moja nzima nyuma ya base.

Kwa kawaida foleni huwa hivi, kutoka mwenye anapata mapema hadi mwenye anapata mwisho:

1. Msee mwenye yuko uwanjani.
2. Redio ya FM, kama mtangazaji wake yuko uwanjani pia. Kama anatazama TV studio, basi amechelewa kama hiyo TV.
3. TV ya antena na TV ya dishi. Hizi hupishana kwa sekunde chache, na nani ataongoza inategemea kituo.
4. Strimu ya simu ama kompyuta.
5. Strimu ya wizi, juu hiyo imechukuliwa kutoka kwa strimu ingine halafu ikarushwa tena.

Wazee wetu watakuambia zamani mtaa mzima ulikuwa unapiga nduru pamoja. Hawadanganyi. Enzi za TV ya analogi, kabla tuhamishwe kwa dijitali 2015, hakukuwa na kufinya na kufungua kwa kila nyumba. Picha ilikuwa na chenga, lakini goli lilikuwa linaingia kwa kila keja wakati mmoja. Tulipata picha safi, tukapoteza ile nduru moja.

Kama unabeti, soma hapa mara mbili

Hii sehemu naiweka juu najua wasee wangu. Kuna watu wanabeti mechi ikiendelea, wakiangalia strimu. Buda, unacheza karata na mtu mwenye ameshaona zako.

Kampuni za beti haziangalii strimu yako. Zinapata data ya mechi kutoka kwa watu wenye kazi yao ni kukaa uwanjani na kubonyeza kila tukio: kona, kadi, penalti, goli. Hiyo data inafika kwa sekunde chache. Wakati wewe unaona winga anaingia boksi na unaharakisha kuweka pesa, kwa dunia ya ukweli mkwaju ushapigwa, kipa ushadaka, na bei ishabadilika. Ile saa unaona beti imefungwa ghafla bila sababu, sababu iko. Wewe ndio hujaiona bado.

Signali ikizima

Kuna wakati hata wakubwa hulala. 25 Juni 2008, nusu fainali ya Euro, Ujerumani na Uturuki walikuwa wanacheza Basel, Uswisi. IBC ilikuwa Vienna, Austria. Kipindi cha pili, mvua kubwa ya radi ikapiga Vienna na stima ikayumba. Picha ikapotea dunia nzima, tena zaidi ya mara moja. Uwanjani kule Basel mambo yalikuwa shwari, mpira unachezwa, lakini wenye TV walikuwa wanaangalia skrini tupu.

Nani alisalimika? Waswisi. TV yao ilikuwa na njia yake ya kutoa picha uwanjani bila kupitia Vienna. Kituo cha ZDF cha Ujerumani kikakimbilia hiyo picha ya Waswisi, na mtangazaji wao akaendelea kutangaza kwa simu. Ujerumani ikashinda 3-2. Somo ni moja: ukiwa na njia moja tu, huna njia.

Na kuna makosa ya mkono wa mtu. 12 Juni 2010, Uingereza na Marekani, Kombe la Dunia. Dakika ya nne Steven Gerrard akafunga. Wenye walikuwa wanatazama ITV kwa picha ya HD hawakuona, juu tangazo la gari lilikuwa limeingia hewani. Liliporudi, wakakuta wachezaji wanashangilia. ITV ikaomba msamaha. Hii haikuwa shida ya picha ya dunia. Hii ilikuwa ya nyumbani.

So ukitaka kujua nani wa kulaumiwa, jaribu hivi. Kama picha imepotea kwa vituo vyote, shida iko uwanjani ama IBC. Kama imepotea kwa kituo kimoja, ni kituo. Kama imepotea kwa keja yako peke yako, angalia waya, halafu angalia kama umelipia.

Ni nani analipa hii yote?

Kati ya 2019 na 2022, FIFA iliingiza zaidi ya dola bilioni 7.5. Karibu bilioni 3.4 kati ya hizo zilitoka kwa haki za matangazo ya TV. Hiyo ndio mfuko mkubwa kuliko yote. Tiketi, wadhamini, zote zinafuata nyuma.

Haki zinauzwa kwa nchi ama kwa eneo, na zinakatwa vipande: TV ya kulipia, TV ya bure, redio, intaneti. Kituo kinaweza kununua kipande kimoja na kikose kingine. Hapa ndio majibu ya maswali mengi ya mtaani yanapatikana.

*Mbona YouTube ya kituo inaonyesha studio tu na mechi iko kwa TV yao?* Juu walinunua TV, hawakununua intaneti.

*Mbona chaneli ya bure imefungwa kwa dishi la jamaa yangu nchi jirani?* Juu setilaiti haijui mipaka. Inamwaga signali nchi nyingi. Mwenye haki huagiza ifungwe kwa kodi ndio isionekane mahali haijalipiwa.

*Mbona kituo cha bure hakionyeshi mechi zote?* Mara nyingi kimeuziwa fungu. Kwa Kombe la Dunia la 2022, SuperSport ilionyesha mechi zote 64. TV ya bure kwa kawaida hupata sehemu tu.

*Mbona mechi mbili za mwisho za kundi huchezwa saa moja?* Hii ilianza kwa aibu. 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walijua matokeo ya wenzao, wakacheza 1-0 ya kupelekana wote raundi ya pili, Algeria ikatoka. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi huanza pamoja. Ni haki kwa timu, lakini kituo chenye kina chaneli moja lazima kichague, na nusu ya watu watakasirika.

Na wakati mwingine biashara inakataa kabisa. Januari 2024, siku chache kabla AFCON ianze Ivory Coast, MultiChoice ilitangaza haitaonyesha mashindano kwa SuperSport. Haki za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa kwa kampuni ya Togo, New World TV. Watu wakapandwa na hasira, makubaliano yakapatikana dakika za mwisho, na mechi zikaonyeshwa. Lakini hebu fikiria: mashindano ya Afrika, kwa Afrika, na Mwafrika nusura ayakose kwa sababu ya karatasi.

Na sisi je?

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. CHAN ilikuwa mazoezi. Watu wengi wanaongea kuhusu nyasi na viti, lakini TV ina mahitaji yake. Taa, kwa mfano. Stima yetu inabadilika mara 50 kwa sekunde, na taa za kizamani humeta nayo bila macho yako kujua. Kamera ya mwendo wa pole inajua. Marudio yatakuwa yanawaka na kuzima kama disko. Kunahitajika taa zenye hazimeti, jenereta za akiba, nafasi ya malori, na faiba ya njia mbili zisizopitia mtaro mmoja, ndio mtu akichimba barabara usiku tusirudi Vienna ya 2008.

Na kuna kazi, wasee. Kila kamera ina mtu, na kila mtu wa kamera ana msaidizi wa kuvuta waya. Kuna wa kubeba, wa kuelekeza magari, wa kuandika majina ya wachezaji, wa kutafsiri, wa kupanga sauti. Vijana wengi huingia kwa hii biashara kwa kuvuta waya, wakiangalia, wakiuliza maswali. Mimi niliacha koleji nusu njia, so sitakudanganya kuwa karatasi haisaidii. Inasaidia. Lakini malori yakifika, mwenye ameshajua kukunja waya bila kuuvunja ndio huitwa tena kesho.

Maneno ya kukumbuka

*Picha ya dunia*: picha moja yenye vituo vyote hupokea, bila mtangazaji.

*IBC*: mahali picha za viwanja vyote hukusanywa na kugawanywa.

*Dairekta*: mwenye anachagua kamera gani uone. Si wa kituo chako.

*Sauti ya uwanja*: kelele za mashabiki na boli peke yake.

*Haki*: ruhusa ya kuonyesha, inauzwa kwa nchi na kwa njia.

*Kuchelewa*: umbali wa sekunde kati ya uwanja na skrini yako.

Mimi nishajipanga. Gemu kubwa ikija, naweka antena, nazima arifa zote za simu, na WhatsApp ya mbogi nailenga hadi filimbi ya mwisho. Ama nashuka tu chini kwa base. Picha yao si safi kama ya simu yangu, na kuna msee mrefu hukaa mbele kila siku. Lakini tukifungwa tunafungwa pamoja, na tukifunga, hakuna mtu ananiambia kabla nione.